Sidii za Baba Mkwe

2 Machi, Jumapili

Mvua imeanza mara tu misa ilipokwisha na haijakatika. Shambani hakuendeki, ndiyo maana nimekaa naandika.

Tulikuja hapa Sapiwi mwezi wa kwanza, mimi na Milembe wangu ambaye bado namfunga mgongoni, baada ya mume wangu Mboje kupata kazi ya lori Kahama. Alisema, "Evalina, nenda ukakae kwa baba. Majaruba matatu ya mpunga yako bure tangu mama afariki, na yeye mwenyewe hapiki, anatafuna mihogo mibichi." Kuhusu mihogo hakunidanganya. Alichosahau kuniambia ni sidii.

Nyumba ya baba mkwe ina sebule na vyumba vitatu. Kimoja analala yeye, kimoja tunalala mimi na mtoto, na cha tatu ni cha sidii. Zimejaa kwenye maboksi ya sabuni na ya biskuti, yamepandana mpaka karibu na bati: za Kihindi, za ngumi za Kichina, za vichekesho, za kwaya, zenye makava na zisizo na makava. Baba alikuwa na banda la video pale Dutwa enzi hizo, watu wanajaa mpaka wanachungulia kwenye matundu ya mabati. Simu zilipoingia banda likafa, lakini yeye bado ananunua. Akisikia duka la sidii linafungwa Bariadi anapanda pikipiki na kurudi na boksi mapajani, amelishika kwa mikono miwili kama trei ya mayai.

3 Machi

Mvua.

4 Machi

Mvua. Chumba cha sidii kinavuja sehemu moja, baba ameweka beseni. Chumba chetu kinavuja sehemu mbili. Nimeweka mabeseni mwenyewe.

9 Machi

Mpunga umeshika vizuri. Maji yamejaa jarubani mpaka kwenye vifundo vya miguu na yanakaa. Mhoja, jirani yangu wa shamba, anasema hajaona mwaka kama huu, lakini Mhoja ndiyo maneno yake kila mwaka, nimeambiwa.

Leo ameniuliza, "Mkwe wako bado anafuga sidii?"

"Bado."

"Angefuga kuku, mayu. Kuku hata akifa unamla."

Nilicheka mpaka nikashika kiuno. Jioni, nikipiga goti kumsalimia baba na kumwekea maji ya kunawa, niliona aibu kidogo. "Mwadila, baba." "Mwadila, mayu." Za jioni baba, za jioni mama: hayo ndiyo mazungumzo yetu ya kila siku. Mimi ni mkamwana, sikai naye sebuleni. Naweka chakula, natoka. Tukiwa na la kuambiana, mmoja anasimama nje ya mlango.

15 Machi

Nimempigia Mboje. Nimemwambia mpunga ukitoka salama hatuna pa kuuweka, na kuna chumba kizima cha takataka. Akasema, "Hizo sidii hata mimi zimenishinda. Kila filamu iliyomo humo ipo kwenye simu yangu." Nikamwambia basi zungumza na baba yako. Akasema mtandao unasumbua, akakata. Mtandao ulikuwa mzuri tu.

22 Machi

Kila asubuhi baada ya chai baba anatoa sidii moja, anaipangusa kwa kitambaa cha fulana ya zamani kutoka katikati kwenda nje, anaiweka kwenye deki, anaitazama kidogo, anaitoa. Kesho nyingine. Leo nilikuwa nachambua mchele hapo mlangoni nikashindwa kujizuia.

"Baba, unatafuta nini humo?"

"Sitafuti. Nakagua." Akainua kidole: "Ng'ombe usipomwangalia kila siku, siku unayomwangalia unakuta kashakonda."

"Na ukikuta zote nzima?"

"Nafurahi."

"Lakini nani anazitaka sasa, baba?"

Nikadhani nimevuka mpaka. Kisha akasema, "Sasa hivi, hakuna," akaizima deki.

Ningemwelewa zaidi kama angekasirika.

6 Aprili

Palizi ya mwisho imekwisha. Mgongo unauma. Milembe ana mafua.

7 Aprili

Mafua bado.

9 Aprili

Amepona. Anakimbiza kuku.

20 Aprili, Pasaka

Tumekula wali wa kununua na kuku mmoja. Mboje hakuja, lori limeharibikia njiani. Baada ya misa wanaume walikaa nje ya kanisa wanamtania baba. Mmoja akasema serikali ikianza kutoza kodi ya sidii, mzee Magese atauza hata viatu. Baba akacheka nao. Lakini njia nzima ya kurudi alitangulia mbele yangu kwa hatua ndefu, na alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye chumba chake cha sidii akakaa humo mpaka chakula kikapoa. Nilikipasha tena, na sikununa wakati nakipasha.

29 Aprili

Mpunga umetia maziwa. Ukibinya punje, inatoka nyeupe kwenye kucha. Leo asubuhi nimeona ndege wachache kwenye miiba ya kando ya mto. Mhoja aliwatazama akasimama, hakusema neno. Mhoja akinyamaza naogopa.

1 Mei

Wamekuja.

Nilisikia kabla sijaona. Nilidhani ni upepo wa mvua. Kisha nikaona kitu kama moshi kinatoka upande wa Dutwa, kinapinda, kinashuka, kinapanda tena, na kilipofika juu ya jaruba la Mhoja kikamwagika chote kwa mara moja. Kwelea kwelea. Mpunga uliinama kwa uzito wao. Tulikimbia na madebe, na fimbo, na khanga, tunapiga kelele mpaka sauti zikakauka. Ukiwafukuza hapa wanatua pale. Milembe mgongoni alilia, halafu akazoea, akaanza kupiga kelele pamoja nasi kana kwamba ni mchezo.

Walipoondoka, nusu ya jaruba la Mhoja ilikuwa makapi matupu. Alikaa kwenye tuta miguu imezama majini, akachuma suke moja, akalipuliza. Halikuwa na kitu. "Huu ulikuwa ada ya shule," akasema, basi.

Kwangu wamegusa pembeni tu. Watarudi.

2 Mei

Tumeamia ndege tangu kabla ya jua. Wamerudi mara mbili. Mikono yangu haifungi.

Mwanamke mmoja wa Busega, ameolewa huku, amenieleza kwamba kwao wanatundika sidii kwenye kamba juu ya mpunga. Zinazunguka kwa upepo, jua likizipiga zinamulika, na ndege wanaogopa kushuka. Nilitaka kukimbia nyumbani saa ile ile. Sidii! Mimi nalala ukuta kwa ukuta na sidii.

Jioni nilisimama mlangoni kwa baba. Nilimweleza vizuri, kwa heshima, nikaomba maboksi mawili tu. Hakuinua macho.

"Sidii si bati, mayu."

"Baba, wamemaliza nusu ya mpunga wa Mhoja."

"Nimesikia. Nunua bati tulikate vipande."

Nimetoka. Nimesimama jikoni nikiwa nimeshika mwiko na sijui nilikuwa nataka kuupikia nini. Mtu ana vitu ambavyo havitazamwi na yeyote, havina kazi, vinakaa pakavu kuliko mjukuu wake, na mpunga wa mjukuu huyo huyo unaliwa. Nimeandika hili kwa hasira na sitalifuta. Nimempigia Mboje nikamwambia mpunga ukiliwa nafunga mizigo. Akasema, "Vumilia." Nikamwambia vumilia wewe.

3 Mei

Tangu alfajiri shambani. Wamechukua kipande cha jaruba la kwanza. Sikumwekea baba maji ya kunawa. Nilimwagiza Milembe apeleke kikombe, akakimwaga njiani.

4 Mei, Jumapili

Sikwenda misa. Nilikuwa nimesimama tutani na debe nilipoona baiskeli inakuja kwa kuyumba. Nilidhani ni muuza dagaa. Alikuwa baba, na nyuma amefunga maboksi matatu kwa mpira, na shingoni kamba ya katani.

Hakusalimia. Alifungua boksi la kwanza, akatoa sidii, akaitazama mbele na nyuma, akaipitisha uzi katikati. Ya pili, akaitazama, akaipitisha. Nami nikasogea kidogo, sikujua nisimame wapi.

"Shika mwisho wa uzi," akasema.

Basi nilishika mwisho mmoja na yeye mwingine, tukatembea kila mmoja kwenye tuta lake, mpunga katikati yetu, tukafunga kwenye nguzo tulizochomeka. Kutwa nzima hivyo. Za Kichina zilikwenda jaruba la kwanza. Za Kihindi la pili. Nyingine alizitazama muda mrefu kabla ya kuzitunga, nikageuza uso ili asione kuwa naona.

Saa tisa moshi ule ukaja tena kutoka Dutwa. Jua lilikuwa kali. Upepo ulipiga kidogo, sidii zote zikageuka kwa pamoja, na mimi mwenyewe nilifumba macho kwa mwanga. Ndege walishuka, wakafika karibu, kisha kundi zima likapinda kama nguo inayokung'utwa, likapita juu yetu na kwenda zake.

Baba aliwafuata kwa macho mpaka wakapotea. "Hata banda langu halikuwahi kujaza hivyo," akasema.

Nilicheka peke yangu njia nzima ya kurudi. Jioni nilimwekea maji ya kunawa ya moto.

5 Mei

Hazikutosha kwa jaruba la tatu. Baba amekwenda nyumbani akarudi na boksi jingine, dogo. Hilo alilitunga mwenyewe, akaniambia nikapumzike. Nilipumzika kweli, nililala kwenye nyasi nikaota.

6 Mei

Wamekuja, wamepita.

8 Mei

Wamepita.

11 Mei

Tumemtundikia na Mhoja kwenye nusu yake iliyobaki. Amewaambia watu wote sokoni kwamba mzee Magese ni mtu wa maana sana na yeye alijua siku zote.

17 Mei

Mvua imekatika. Mpunga umeanza kuwa wa njano. Leo, nikikaza uzi wa jaruba la tatu, sidii moja ilikuja usoni, nikaishika. Haikuwa na picha ya dukani. Ilikuwa nyeupe, imeandikwa kwa kalamu nene, maandishi yamefifia, lakini mwandiko wa baba naujua: "Jubilei ya padri". Nikashika inayofuata: "Harusi", jina limefutika. Inayofuata, "Ngoma Dutwa". Nyingine haikusomeka kabisa.

Nilifuata uzi mzima. Zote za jaruba la tatu ni zile alizopiga yeye mwenyewe kwa kamera, enzi zile akiitwa kwenye harusi na ngoma za mavuno, kisha akachoma kwenye sidii. Mboje aliwahi kuniambia kwamba kanda zenyewe zililiwa na mchwa.

Jioni nilisimama mlangoni kwake.

"Baba, zile za jaruba la tatu ni zako mwenyewe."

"Za dukani hazikutosha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungezitoa."

"Ningezitoa, ndiyo."

"Na ndege wangeingia hapo hapo."

Nikamwambia nazitoa kesho asubuhi. Akatikisa kichwa. "Za kuchoma nyumbani hazivumilii jua, mayu. Hizo sasa hivi ni vioo tu. Ziache zilinde."

Nimekuja kukaa kitandani. Ile siku ya hasira niliandika kwamba sitafuta, na sifuti. Lakini sikujua ninamwandika nani.

19 Mei

Nimenunua nyama robo. Nimempa baba kubwa.

24 Mei, Jumamosi

Leo tumepata wageni, na sijui tutafanya nini.

Pikipiki ilileta wanawake wawili kutoka Mwamapalala. Mmoja mzee kiasi, anatembelea mkongojo, goti la kulia halikunjiki. Anaitwa Kwandu. Mwingine binti yake wa mwisho, Kabula, msichana wa mjini mjini, amesoma chuo Bariadi. Niliwapa viti na uji. Baba alipotoka, mama yule alisalimia kwa heshima ndefu, kisha akasema shida yake bila kuzunguka.

"Ulikuja kwetu mwaka 2003 na kamera. Mashindano ya ngoma baada ya mavuno ya pamba."

"Nakumbuka."

"Sidii yetu ilivunjika nyumba ilipoanguka. Nimeuliza kijiji kizima. Wengine waliwapa watoto wakachezea. Nimekwenda Dutwa, nimekwenda Bariadi, kila niliyemuuliza anacheka, halafu anasema, kama ipo basi iko kwa Magese."

Kabula akaongeza taratibu, "Baba alifariki mwezi wa kwanza. Mzee Mashimba. Alikuwa mchezaji." Mama yake akamtupia jicho.

Basi nikaelewa. Mjane anatafuta sura ya mume wake, na sura hiyo inazunguka kwenye uzi juu ya mpunga wangu, tangu tarehe tano.

Nilidhani baba atasema ukweli. Akasema, "Ilikuwapo. Nipeni wiki moja niitafute."

Mama Kwandu akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Walipoondoka, baba alivaa mabuti akaelekea shambani bila kuniambia, nami nikamfunga Milembe nikamfuata.

25 Mei

Tumezitoa zote za jaruba la tatu. Maandishi mengi yameoshwa na mvua ya mwanzo wa mwezi. Upande wa chini, uliokuwa kijani kama bawa la nzi, sasa umekuwa kama maji machafu. Hakuna inayosomeka "Mwamapalala". Itabidi zijaribiwe moja moja.

26 Mei

Deki inazunguka, inakoroma, inaandika kwamba hakuna sidii. Sidii iko ndani, tunaiona, na yenyewe inasema hakuna. Baba anaitoa, anaipangusa, anaiweka nyingine. Leo nimekaa kizingitini, nusu ndani nusu nje, nampa moja moja. Sijali tena nani ataona.

27 Mei

Umeme umekatika.

28 Mei

Umerudi mchana. Harusi moja imewaka, bibi harusi akainua shela, ikaganda hapo. Nyingine zote, hakuna, hakuna, hakuna. Tumemaliza.

Baba alibaki ameshika kitambaa. Nilimwona ni mzee kwa mara ya kwanza. Nilimwambia, "Baba, ni kosa langu. Mimi ndiye niliyeomba."

"Uliomba nikakataa. Nilizitoa mwenyewe."

"Kama ningenyamaza..."

"Sikiliza, mayu. Wakirudi ndege kesho nitazitoa tena. Mtoto anakula mpunga, hali sidii." Akaikunja fulana ile ya zamani vizuri, pembe kwa pembe. "Ila huyu mama, sijui nitamtazamaje."

Tumekubaliana kwamba Jumapili wakija tutawaambia ukweli wote, na nitakuwapo.

29 Mei

Tumevuna jaruba la kwanza na la pili. Mpunga mzuri, mzito. Sikufurahi ipasavyo.

30 Mei, Ijumaa

Naandika haraka, nahema bado.

Tulikuwa tunakata jaruba la tatu, mimi, Mhoja na wanawake wengine wawili. Kwenye kona ya chini, palipobaki na tope, mundu wa Mhoja ulilia kama umegonga sahani. Akatukana. Akaingiza mkono, akatoa kitu cha duara chenye tope pande zote, akakirusha kwenye tuta. "Mkwe wako kaotesha nyingine!"

Uzi ulikatika siku fulani, ikaanguka, ikazama. Niliiokota, nikaifutia kwenye gauni. Tope lilikuwa limeushika wino kama gundi. MWAMAPALALA. Nilisoma mara mbili. Kisha nilikimbia, mundu mkononi, mpaka Mhoja akapiga kelele nyuma yangu kwamba nitajikata.

Baba aliipokea. Aliiosha kwenye beseni kwa sabuni, polepole, vidole tu. Upande wa chini ulikuwa kijani bado! Tope lilikuwa limeikinga na jua lote lile. Pembeni kabisa mundu umechonga alama kama ukucha. Akaipangusa kutoka katikati kwenda nje, akaiweka.

Deki ilizunguka. Ikakoroma. Ikanyamaza. Nilishika fremu ya mlango.

Kisha ngoma ikalia.

Ngoma zenyewe, vumbi, umati, watu wamevaa njuga, na sauti ya baba akiwa kijana kidogo nyuma ya kamera anasema, "Sogeeni, sogeeni, mnaniziba." Nilikaa chini sakafuni, katikati ya sebule, mbele ya baba mkwe wangu, na kucheka na kulia kwa pamoja, na yeye akacheka mpaka akakohoa. Hakuna aliyekumbuka kwamba sikai sebuleni.

Dakika moja tu, akaizima. Nikamwambia tuendelee, tumwone huyo Mashimba. Akasema, "Lenzi ya deki imechoka na hii ni moja. Tumwachie mwenyewe."

Nimerudi kumalizia kuvuna. Mhoja anadai sidii ni yake kwa kuwa ndiye aliyeivuna.

1 Juni, Jumapili

Walikuja baada ya misa. Nilikuwa nimefagia, nimepika wali wa mpunga mpya, nimeweka kiti cha mama Kwandu karibu na runinga kwa ajili ya goti lake. Baba aliwaeleza kila kitu kwanza: ndege, uzi, tope, mundu. Hakuficha. Kabula aliziba mdomo kwa mkono. Mama Kwandu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Mpunga ulipona?"

"Ulipona."

"Basi washa."

Ikawaka. Vumbi, umati, sogeeni mnaniziba. Wanaume kwenye mstari, wamejipaka majivu. Nilimwangalia mama Kwandu badala ya kuangalia picha, nikiwa na kitambaa tayari cha kumpa.

"Yule pale baba!" Kabula akasema. Mwanaume mrefu wa pili kutoka kushoto, anarusha bega. Mama Kwandu aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeonyeshwa jirani yake barabarani, akaendelea kungoja.

Halafu mstari ukafunguka katikati, na akatoka mwanamke. Shanga kifuani, njuga miguuni, mkia wa nyumbu mkononi. Alitembea mbele ya wanaume wote wale bila haraka, akainua mkia juu, na wote wakanyamaza. Akaanza kuimba. Sauti ilijaza sebule yetu. Wimbo wa ng'ombe jike aliyekataa kuvuka mto, na wanaume wote waliomvuta kamba wakaanguka majini. Wanaume wakaitikia. Alipogeuka, aliruka, akatua kwa magoti yote mawili, akasimama tena kana kwamba ardhi imemsukuma.

"Mama," Kabula akasema, "yule ni nani?"

Mama Kwandu alikuwa akigonga mkongojo sakafuni kufuata ngoma.

"Mama. Yule manju ni nani?"

"Unaona mwenyewe."

Kabula aliisogelea runinga, akamtazama mwanamke yule, akageuka kumtazama mama yake, akarudi tena kwenye picha. Baadaye ndipo nikaelewa: mwaka uliofuata lori lililowarudisha wachezaji lilipinduka, goti la mama Kwandu likavunjika, na Kabula alikuwa bado ananyonya. Watoto wake wamekua wanamjua mama wa mkongojo. Alipokuwa akiwaambia aliwahi kuwa manju, akiongoza wanaume kwenye ngoma, walikuwa wanamwitikia tu, kama unavyomwitikia mtu mzima.

Mimi, na kitambaa changu mkononi, nikasema, "Mama, tulidhani unamtafuta marehemu."

Akanigeukia, macho yanang'aa, hayana chozi.

"Mashimba nilimtazama miaka thelathini, nikamzika nimetosheka naye. Huyu," akaelekeza mkongojo kwenye runinga, "huyu ndiye sijamwona siku nyingi. Tazama magoti yake!"

Akacheka, na sisi wote tukacheka, baba zaidi ya wote. Kabula alikuwa amekaa miguuni pa mama yake, ameegemea goti lile lisilokunjika, analia yeye.

Picha ilifika kwenye alama ya mundu. Mwanamke alikuwa ameinua mkia kuanza ubeti wa mwisho, akaganda hivyo, mkono juu. Deki ikakoroma. Baba akainuka kwa haraka, lakini mama Kwandu akamzuia. Akashika mkongojo, akajisukuma, akasimama katikati ya sebule. Na akaanza kuumalizia. Sauti imepasuka kidogo, imeshuka, lakini ilikuwa ile ile. Kabula hakujua maneno, akaitikia pale alipoweza. Nilisikia Mhoja anaitikia kutoka nje ya ua, sijui alifika saa ngapi.

"Evalina!" Baba hajawahi kuniita jina. "Simu yako iko wapi? Chukua video, haraka, shika kwa mikono miwili, usimzibe!"

Nikachukua.

3 Juni

Mpunga uko ndani, kwenye chumba cha sidii. Magunia yamepandana mpaka karibu na bati. Maboksi yaliyobaki baba ameyasogeza kwenye kona moja. Amesema za Kichina zitabaki shambani, amekwishazitazama.

Mboje amepiga. Nimemwambia sifungi mizigo.

5 Juni

Baba hataki kusikia kwamba video ya mama Kwandu ikae kwenye simu. Simu inaanguka, simu inaibiwa, anasema, ichome. Basi nimepanda basi kwenda Bariadi kutafuta sidii tupu. Duka la kwanza, kijana alimwita mwenzake aje asikie ninachouliza. La pili hawakujua ni kitu gani. La tatu ni la kupiga fotokopi, karibu na stendi. Msichana wa pale alipanda kiti, akapapasa juu ya kabati, akashuka na moja, bado kwenye nailoni yake, akaipuliza vumbi. Kompyuta yao ya zamani ilikuwa bado na mahali pa kuchomea. Tulingoja wote wawili tukiitazama.

Iliposukumwa nje, ilikuwa ya moto. Msichana akanipa, akaniuliza kwa upole, kama unavyomuuliza mtu aliyefiwa, "Lakini dada, kuna mtu bado ana deki?"

Nikamwambia tunayo, na inasoma.